Kiapo cha Kunyamaza

Asalaam alaykum, wenzangu. Niacheni nikae kitako kwanza, miguu yangu haipendi kusimama na maneno yenyewe si mafupi.

Bi Hidaya kanambia, "Leo zamu yako, Zamzam. Sema yote, lakini usitaje majina ya watu." Nikamwitikia, kwa sababu ni mwalimu wetu wa darsa hii ya wanawake na nnamheshimu. Lakini nnawaambia mapema: nitayataja. Walionifanyia walikuwa na majina, na mimi niliwaamkia kwa majina hayo kila asubuhi ndani ya nyumba yao. Atakayeona vibaya anywe kahawa yake atizame ukutani.

Nyinyi wengi mmeingia Maskati mwaka huu wa sabini, Sultani mpya aliposhika nchi na mambo yakabadilika. Mmekuta redio zinaimba madukani, mmekuta ngoma inapigwa harusini mchana kweupe na hapana anayeuliza. Mimi nimekuja mwaka ule ule wa sitini na nne. Maskati ile hamkuiona, na kheri hamkuiona. Mzinga ukilia usiku, lango la mji linafungwa, na atakayetoka nje baada ya hapo atembee na fanusi mkononi. Ngoma marufuku. Kuimba hadharani usiseme. Mtu akipita njiani akivuma wimbo puani, mwenzake humvuta nguo.

Na mimi ndugu zangu nilikuwa mwimbaji.

Bi Asha, usitabasamu, wewe unakumbuka. Unguja nilisoma chuoni juzuu moja, nikatolewa kulea wadogo zangu. Skuli sikutia mguu. Lakini Mungu alinipa koo. Klabu yetu ya wanawake ikialikwa, watu huuliza kwanza, "Zamzam yumo?" Walikuwa wakisema sauti yangu haikomei masikioni, inateremka mpaka rohoni. Mara moja palikuwa na bibi na dada yake, wamegombania nyumba ya marehemu baba yao, hawasemezani. Nilipofika katikati ya wimbo yule mkubwa kainuka na machozi yake, kapita baina ya watu, kaenda kumuangukia mdogo wake begani. Mpiga fidla akaacha kupiga. Mimi sikuacha. Nilikuwa najua ninachofanya, na nilikuwa naringa, Mungu anisamehe, asmini kichwani na kanga mpya kila harusi.

Nikamzaa binti mmoja, Rauhiya. Nikamtungia wimbo. Wimbo ule sikuuimba kwa kutunzwa hata siku moja. Nilimwimbia nyumbani, nikimsuka, nikimwogesha. Alipopata akili zake nikamuahidi: "Huu mbele ya watu nitauimba mara moja tu. Siku ya harusi yako." Alikuwa akinikumbusha hata nikimgombeza. "Sawa, mama, nipige, lakini wimbo wangu uko pale pale."

Januari ile mume wangu alitoka kwenda kutizama duka lake, hakurudi. Sitaieleza, kila mmoja wenu ana Januari yake. Tukatoka mimi na Rauhiya mpaka Mombasa, na kutoka Mombasa tukaja huku kwa hati ya kaka yangu.

Kaka yangu huyo ni Khalfan. Jina la kwanza hilo, lisikieni. Baba yetu mmoja, mama mbalimbali. Yeye alitoka Unguja kijana mdogo, akaja kusoma dini huku, akasoma kweli. Akawa mtu wa kumsomea kadhi makaratasi. Baraza yake chini ya nyumba ilikuwa haikauki watu: huyu anauliza talaka, huyu urithi, huyu ametia udhu kisha akatoka damu puani, afanye nini. Khalfan humjibu kila mmoja, taratibu, kama anayemenya chungwa. Nilikuwa najivunia. Nilikuwa nikisema, alhamdulillahi, nimefikia kwa mwanachuoni.

Na mkewe ni Shekha. Jina la pili. Shekha ni wa huku huku, Kiswahili alikijua cha kuvunjavunja, alikipata kwa bibi yake aliyekaa Unguja. Mwanzo alinipenda. Wallahi alinipenda. Alinipa chumba cha juu kinachopata upepo, na watu wakishalala mchana hufunga madirisha, hunivuta mkono: "Imba, Zamzam. Dogo dogo. Imba." Basi nikamwimbia, sauti ya chini, yeye kajilaza magodoroni analia. Hajui nusu ya maneno, analia. Khalfan alikuwa akisikia kule chini. Tukizidi, anakohoa. Tunapunguza, kisha tunaendelea. Kwa hiyo msije mkaambiwa kwamba hakujua.

Sasa sikilizeni palipoharibika.

Shekha alikuwa na kaka yake, Seif, akifanya kazi Kuwait. Jina la tatu, na ndilo la mwisho, tulizaneni. Seif alikuja likizo na rikoda, ile ya magurudumu mawili ya utepe. Siku hiyo binti wa jirani alikuwa anatiwa hina nyumbani kwetu, wanawake watupu, mlango umefungwa. Nikaombwa niimbe. Pembeni palikuwa na rundo la mito, na kila mtu akitaka kuegemea, Shekha anamwambia, "La, la, si hapo." Mimi nikadhani anaweka nafasi ya mgeni mkubwa. Nikaimba. Nikaimba kama nilivyokuwa nikiimba Unguja, kwa sababu palikuwa na bibi arusi, na macho ya bibi arusi hunitoa akili.

Rikoda ilikuwa chini ya mito.

Utepe ule ukenda Matrah, mji wa jirani, mkononi mwa Seif. Wanaume wakausikiliza katika duka la mtu, na kahawa, na halwa, wanarudisha nyuma wanasikiliza tena. Kisha mmoja akauliza, "Nani huyu?" Na Seif, mdomo wake hauna kufuli, akasema ni nyumba gani.

Mnaelewa nyie wa Unguja? Kwetu mtu akisema "huyu mwimbaji," ni sifa. Huku ilikuwa kama mtu amechukua nguo yangu ya ndani akaianika sokoni. Na wakati huo huo Rauhiya alikuwa ameposwa. Kijana mwema, Nasser, watu wake wa Matrah, na yeye mwenyewe alikuwa pia yuko Kuwait. Mama yake Nasser akatuma mtu: wamesikia maneno, wanangoja kusikia ukweli.

Khalfan akaniita barazani kwake, watu wameshaondoka. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu.

"Sauti ile ni yako?"

"Unaijua kama ni yangu. Siku zote unaikoholea."

"Zamzam, mimi nakuuliza mbele ya Mungu na wewe unanifanyia maskhara." Kisha akasema, "Nimewaambia ni utepe wa mwimbaji wa Mombasa. Wameridhika. Lakini mimi sitasema uongo mara mbili. Nnataka niwe na hakika."

"Hakika ya nini?"

Akautoa Msahafu kwenye mfuko wake wa kitambaa.

"Utaapa. Hutaimba tena. Si mbele za watu, si faraghani, si jikoni. Na utamtaja mwanao katika kiapo, ili niwe na hakika."

Nikamwambia, "Kaka, hii ndiyo kazi yangu. Mimi sina kingine."

"Una binti," akasema. "Chagua."

Basi nikatawadha, nikaweka mkono, nikaapa. Nikamtaja Rauhiya. Aliponifundisha maneno yale ya kumtaja, ulimi ulinikauka, nikamwomba maji, akangoja nikanywa, akarudia tena tangu mwanzo. Kisha akasema, "Na kiapo hiki kibaki baina yetu. Ukimwambia mtu kwamba umeapa kutoimba, umemwambia kwamba ulikuwa unaimba."

Sasa ndugu zangu, mimi nimelelewa vipi? Nyinyi mmelelewa vipi? Si tumeambiwa tangu wadogo, kiapo cha Msahafu hakichezewi, kinakula watoto? Si tulionyeshwa, "Mtizameni fulani, alivunja kiapo, mwanawe kaanguka kisimani"? Mimi hayo ndiyo niliyokuwa nayajua. Kila nikifungua mdomo namwona Rauhiya amelala chini ya kitambaa cheupe. Nikawa natwanga kahawa midomo nimeibana, nisije nikafuata mdundo wa kinu. Hata Qurani nikawa naisoma kavu, kama mtu anayesoma majina ya njia, kwa khofu kwamba nikiipandisha sauti kidogo itakuwa nimeimba. Nyinyi mnanitizama. Kweli nakwambieni. Hata Qurani.

Harusi ikafika. Walikuwa wanawake wengi ghorofani, mlango umepigwa komeo, udi umejaa chumba hata macho yanawasha. Rauhiya yuko kwenye mto wake, kafunikwa shela ya kijani. Shangazi mmoja mtu mzima wa watu wa Matrah akasema, "Kwani nyinyi watu wa Zanzibar mnaozesha kimya kimya kama mnazika?" Wakacheka. Wengine wakaanza, "Bi Zamzam! Bi Zamzam, umemeza nini?"

Na Shekha, Shekha huyu aliyekuwa analia magodoroni kwangu, akasema kwa kile Kiswahili chake, "Mwacheni. Sasa yeye bibi wa Maskati. Hajui kuimba."

Wakacheka tena. Nikainama nikamtengeneza mwanangu shela. Akanikamata kidole.

"Mama."

"Lebeka, mwanangu."

"Wimbo wangu."

"Wakati wa mambo hayo umepita, Rauhiya."

"Uliniahidi. Mlango umefungwa, wanawake watupu. Imba sikioni mwangu, hakuna atakayesikia."

Nikaendelea kuitengeneza shela.

"Kwa hiyo na wewe unaona haya?" akasema. "Unaona haya ulivyonilea?"

Wenzangu, nilikuwa na maneno matatu tu ya kumwambia, na maneno hayo nilikatazwa. Nilikuwa nimesimama pale namwokoa roho yake, hivyo ndivyo nilivyodhani, namwokoa na kifo kwa kufunga mdomo. Na yeye ananitizama kama anayemtizama mtu aliyemwibia.

Akaniachia kidole. Akasema, "Sawa. Basi na mimi sikuwa na mama mwimbaji."

Wakamchukua. Baada ya wiki wakenda Kuwait.

Kutoka hapo salamu zake zilikuja kwa watu wanaosafiri. Husalimiwa mjomba wake, husalimiwa Shekha, kisha mwishoni, "na mama." Akazaa, nikasikia kwa jirani. Jirani! Nyumba ile ikanishinda. Nikahamia kwa mama mmoja wa Kibulushi, Bi Gulnar, ambaye yuko pale mlangoni na hajui nnachosema, lakini akisikia jina lake anacheka. Tizameni. Alinipa chumba kwa kunionea huruma. Nikawa nadarizi kofia, tundu kwa tundu, mpaka macho yakanitoka maji. Sisi wawili hatukuwa na lugha. Alikuwa akija na mkate wake wa moto anakaa na mimi tunatizamana. Miaka ile yeye ndiye mtu pekee ambaye hakuniuliza kwa nini siimbi, kwa sababu hakujua kama niliwahi kuimba. Nilipumzika kwake.

Koo nalo ni kama mguu, msipolitembeza linakauka. Nilikuwa nalisikia likifa ndani yangu, kidogo kidogo, na mimi nnalinyima maji kwa mkono wangu.

Mwaka huu ndio mambo yakageuka. Mnajua nyote. Watu wakaanza kurudi, kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Kairo, wapi wapi. Na ikafanyika harusi, hii hii ya mwezi uliopita aliyoolewa mjukuu wa Bi Asha. Ngoma nje! Wanaume wanapita njiani wanasikia, hapana mtu anayekohoa. Na wewe Bi Asha ukanishika mkono mbele za watu ukasema, "Huyu ndiye Zamzam, leo mtasikia." Nikauchomoa mkono nikakimbilia jikoni. Ulikasirika, najua. Nilisikia ukisema Maskati imenitia kiburi.

Bi Hidaya akanifuata jikoni. Yeye ndiyo kwanza ametoka Dar es Salaam, hanijui. Kanikuta nimeshika sufuria tupu nalia.

"Una nini, mwanangu?"

Wakati ule nilikuwa nimechoka. Nikasema, liwe litakalokuwa. Nikamwambia, "Nimeapishwa kwa Msahafu nisiimbe. Nikiimba mwanangu atakufa."

Akanitizama. "Nani kakwambia atakufa?"

"Ndivyo ilivyo."

"Nani kakwambia?"

Nikafikiri. Nikaona kwamba hakuna aliyenambia. Khalfan hakusema atakufa. Alisema tu nimtaje.

Bi Hidaya akalichukua sufuria mkononi mwangu akaliweka chini. Akasema, "Kiapo kina kafara yake, imo katika Qurani yenyewe unayoiogopa. Unalisha masikini kumi, au unawavisha. Huna, unafunga siku tatu. Na kiapo ulichobanwa nacho kina maneno yake mengine, pengine hakishiki kabisa, lakini kwa utulivu wa moyo wako wewe funga tu. Siku tatu, Zamzam. Kisha uimbe mpaka majirani wahame."

Siku tatu.

Mnadhani nilifurahi? Nilikaa chini juu ya majivu. Nilitamani aseme miaka. Angesema miaka mitatu ningesema, haya, nilibeba kitu kizito. Siku tatu! Mimi nafunga Ramadhani nzima na jua la Maskati, nafunga sita za Shawali juu yake. Ningefunga Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na Alkhamisi mwanangu akiwa kwenye mto wake ningemwimbia. Siku tatu za njaa ndizo zilizosimama baina yangu na mtoto wangu, na mimi sikuwa na mtu wa kunambia.

Nilikuwa naye. Hilo ndilo linaloniunguza. Nilikaa juu ya baraza ya mtu ambaye mji mzima unakuja kumuuliza mambo kama hayo.

Nikenda kwa Khalfan. Amezeeka, anakunywa kahawa yake. Nikamuuliza, "Ulikuwa unajua kafara ya kiapo?"

Akasema, "Kila aliyesoma anaijua."

"Kwa nini hukunambia?"

Akaweka kikombe chini taratibu. "Hukuniuliza."

Hukuniuliza! Aliyetokwa na damu puani akajibiwa kwa ushahidi na hadithi, mimi dada yake nikaachwa nitokwe na maisha yangu, kwa sababu sikuuliza. Nitauliza vipi jambo nisilojua kwamba lipo? Nikatoka. Na Shekha akanikimbilia ngazini akanishika buibui. "Ule utepe," akasema, "mimi nilitaka nikusikilize siku ambayo hupo. Nilimwambia Seif asiutoe nyumbani." Huenda ni kweli. Mimi sina nafasi ya kubeba huenda zake. Nikaivuta nguo yangu nikaenda zangu.

Sasa mmeyasikia majina. Wengine watasema, Zamzam ana kinyongo. Nnacho. Sikuja hapa kujifanya walii. Anayetaka kusamehe asamehe ya kwake, mimi yangu bado ina moto, nikipoa nitawaambia.

Lakini nina shukrani pia, na hizo nazo zina majina. Bi Gulnar, mkate wako nimeula, Mungu akulishe. Bi Asha, nisamehe kwa kukukimbia mbele za watu. Bi Hidaya, wewe ulinifuata jikoni. Wengi waliniona nikilia miaka ile, na wote walinipisha. Wewe ulinifuata.

Na neno langu kwenu ni hili, hasa nyinyi mliosoma kidogo kama mimi. Msiogope wenye elimu. Waulizeni. Waulizeni hata la kijinga, hata mkichekwa, gongeni mlango wa huyu, na huyu akikunja uso nendeni kwa yule. Mtu akikutwika mzigo kwa jina la dini, usiubebe hata hatua moja mpaka umeuliza unatuliwa vipi. Na nyinyi mliosoma, msingoje kuulizwa. Mnamwona mtu anazama mnakaa mnangoja aseme neno "maji"?

Mimi nimefunga. Jana nimefuturu ya tatu. Asubuhi hii nikaingia jikoni kwa Bi Gulnar nikajaribu. Sitawadanganya: kule juu hakuna kitu tena. Nilipanda, nikafika mahali, sauti ikavunjika kama kikombe. Yule mliyekuwa mkimjua Unguja msimngoje, hayupo, na harudi. Aliyebaki ana sauti ya mkwaruzo, kama anayekuna nazi.

Na sasa nisemalo la mwisho si lenu.

Rauhiya yumo humu. Ndiyo, huyo hapo karibu na dirisha, aliyejifunika, na mtoto mapajani. Msigeuke nyote, mtamtisha. Ana wiki tatu tangu arudi na mumewe. Amekuja kunitizama mara mbili, amekaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni anayengoja kuagwa, ameniita mama kwa adabu, amekunywa kahawa, ameondoka. Bi Hidaya ndiye aliyemleta leo, na mimi nilimwomba amlete, kwa sababu peke yetu nisingeweza.

Mwanangu, sikukuonea haya. Sijapata kukuonea haya hata dakika moja. Umesikia sababu sasa, pamoja na watu wote hawa, ili siku nyengine ukitia shaka uwe na mashahidi. Sikuombi unisamehe, kusamehe ni kazi nzito na mimi mwenyewe imenishinda. Wala sikuombi unijibu. Nnaomba ukae tu mpaka nimalize, kisha uende unakotaka.

Nipeni maji kidogo. Shukran. Bi Asha, nishikie mdundo, kwa kiganja tu, pole pole.

Na huyo mtoto akilia, Rauhiya, mwache alie. Mimi sinyamazi.